Kutoka Delhi hadi Bir: siku nane kwenye shule za watoto wa Kitibeti

Siku ya 1: Delhi, usiku barabarani

Basi la Dharamshala, mji wa milimani kaskazini mwa India, huondoka jioni kutoka Majnu-ka-Tilla, mtaa wa Watibeti ulio kaskazini mwa Delhi kando ya mto Yamuna. Mwendo ni kilomita 480 hivi, saa 12 au zaidi, na kipande cha mwisho ni kona za milimani. Asiyezivumilia apande treni hadi Pathankot, kisha gari kwa kilomita 90 hivi.

Anayekwenda kwa ajili ya shule achunguze kalenda kwanza. Likizo ndefu ni ya majira ya baridi, kuanzia katikati ya Desemba hadi kupita Losar, mwaka mpya wa Kitibeti. Julai hadi katikati ya Septemba mvua ni nyingi mno na barabara hukatika. Aprili hadi Juni, au Oktoba na Novemba, ndiyo miezi ya kufanya kazi. Dharamshala na Bir hazihitaji kibali cha pekee kwa mgeni. Makazi ya Watibeti ya kusini, kama Bylakuppe, yanahitaji, na kibali huombwa mapema.

Siku ya 2: Gangchen Kyishong

Kati ya mji wa chini wa Dharamshala na McLeod Ganj, mji wa juu, kuna kilima cha Gangchen Kyishong chenye ofisi za utawala wa Watibeti walio uhamishoni. Idara ya Elimu iko hapa, pamoja na maktaba ya maandiko ya Kitibeti iliyoanzishwa mwaka 1970. Ukitaka kujua kwa nini darasa la kwanza linafundishwa kama linavyofundishwa, pa kuanzia ni hapa.

Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, alivuka kuingia India mwezi Machi 1959. Shule ya kwanza ilifunguliwa Mussoorie tarehe 3 Machi 1960. Mwezi Mei mwaka huohuo watoto 51 waliletwa Dharamshala kutoka kambi za Jammu ambako wazazi wao walikuwa vibarua wa barabara, na Tsering Dolma, dada yake Dalai Lama, akawapokea. Kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Tibetan Children's Village, ambayo wengi huiita TCV. Tsering Dolma alipofariki mwaka 1964, mdogo wake Jetsun Pema aliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa miaka mingi shule hizo zilifundisha karibu kila somo kwa Kiingereza, na Kitibeti kikawa kipindi kimoja tu kwa siku. Mabadiliko yalianza miaka ya 1980, vitabu vya shule ya msingi vilipoandikwa upya kwa Kitibeti, yakawekewa msingi na Sera ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2004. Sera hiyo inataka elimu ya jadi iwe kiini, na Kitibeti kiwe lugha ya kufundishia.

Jambo hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu wageni wengi hulikosea. Wakisikia elimu inayofuata utamaduni, hutarajia ngoma na mavazi, navyo vipo. Lakini utamaduni unaomsaidia au kumkwamisha mtoto uko ndani ya daftari: herufi ipi inatangulia, hesabu inatajwaje, hoja inapingwaje. Siku zinazofuata ni za kuangalia hayo.

Siku ya 3: TCV ya juu, darasa la awali

TCV ya juu iko karibu na ziwa Dal, juu ya Forsyth Ganj. Watoto wa bweni wanaishi katika nyumba, kila nyumba ikiwa na mama mlezi wanayemwita *ama-la* na watoto zaidi ya 30 wa umri mbalimbali, wakubwa wakiwasaidia wadogo kuoga na kutandika. Mwalimu ni *gen-la*. Hiyo *-la* ya mwisho ni ya heshima, na mgeni asiyeitia huonekana mkavu.

Madarasa ya awali hufuata njia ya Montessori, ya mtoto kujifunza kwa kushika vitu, na herufi za msasa ndizo kifaa cha kwanza. Kitibeti kina konsonanti 30, zilizopangwa nne nne katika safu saba, na mbili za mwisho. Kila konsonanti hutamkwa na *a* ndani yake: *ka, kha, ga, nga*. Juu ya hizo kuna alama nne za irabu. Tatu (*i, e, o*) hukaa juu ya herufi, moja (*u*) hukaa chini.

Kutengeneza seti ya msasa si kazi ngumu. Kata vipande 30 vya plaiwudi nyembamba au kadi ngumu, vyote kimo kimoja. Chora herufi kwa mtindo wa *uchen*, maana yake "yenye kichwa", kwa kuwa kila herufi ina mstari mlalo juu. Kata umbo hilo kwenye msasa laini, libandike kwa gundi, kisha tia nukta nyekundu mahali mkono unapoanzia. Kichwa huchorwa kwanza, kushoto kwenda kulia, halafu miguu inashuka. Mtoto hupitisha vidole viwili juu ya msasa huku akitamka. Kosa la kawaida la mtengenezaji ni kukata mistari yote unene mmoja. Uchen ulizaliwa na kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari, hivyo mlalo ni mnene na wima unakwenda ukichongoka. Hilo likipotea, herufi kadhaa zinakuwa mapacha.

Mapacha wenyewe ni hawa: *da* na *nga*, *pa*, *pha* na *ba*, halafu *tsa, tsha, dza*, ambazo ni *ca, cha, ja* zilizoongezewa kijembe begani. Zisifundishwe wiki moja eti kwa sababu alfabeti imezipanga jirani. Kuimba alfabeti kwa mpangilio ni sawa, tena ni kuzuri, lakini kutambua herufi kuwe na mpangilio wake.

Halafu kuna jambo la madaftari, na hili linastahili kukawiwa. Herufi za Kilatini hukaa juu ya mstari kama ndege juu ya waya. Za Kitibeti huning'inia chini ya mstari kama nguo kambani: vichwa vyote viko sawa juu, miguu inashuka kila mmoja kwa urefu wake. Daftari la kawaida la dukani limepigwa mistari kwa ajili ya Kilatini. Mtoto akiambiwa aandike "kwenye mstari", anaikalisha herufi juu yake, vichwa vinapanda na kushuka, na akifika kwenye herufi zinazobebana, moja juu ya nyingine, hana nafasi tena. Matokeo ni mwandiko mbaya anaolaumiwa mtoto, kumbe kosa ni la karatasi. Dawa ni kupiga mistari yenu wenyewe: mstari mzito wa kichwa, nafasi moja juu yake kwa irabu, nafasi mbili chini kwa miguu, kisha mstari mwembamba wa kikomo. Ukurasa mmoja uliochorwa vizuri unatosha kutolewa nakala kwa shule nzima.

Zamani ilikuwa ubao wa mbao unaopakwa unga mweupe, uzi wenye chaki ukapigwa kuacha mistari, na mtoto akaandika, akafuta, akaandika tena. Shule inayoweza kupata mbao laini ifanye hivyo hata leo kwa miezi michache. Mkono haujifichi kwenye ubao, na kosa halibaki kwenye daftari kumtisha mtoto.

Siku ya 4: madarasa ya kwanza hadi la tatu

Msomaji wa Kiswahili amezoea neno kuandikwa kama linavyotamkwa, na mtoto akishajua silabi anasoma chochote. Kitibeti kiliandikwa katika karne ya 7, kazi ambayo mapokeo yanamhesabia Thonmi Sambhota, na matamshi ya Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, yamekwenda mbali huku tahajia ikibaki. Neno la namba 8 linaandikwa *ba-ra-ga-ya-da*, herufi tano, tatu kati yake zimepangwa moja juu ya nyingine. Linalosikika ni *gye*.

Kwa hiyo watoto hufundishwa kutaja tahajia kwa sauti. *Lama* husomwa "ba, la chini yake, la, ma, lama". Njia hii ina nguvu: inampa mtoto mpangilio wa kulifungua neno lolote. Inaharibika darasa zima linapoimba pamoja, kwani nusu ya watoto wanakariri wimbo bila kuangalia ukurasa. Utawagundua kwa kuchanganya kadi kumi za maneno yaleyale na kumpa mtoto mmoja mmoja.

Tatizo la pili halionekani kirahisi. Kitibeti hakiachi nafasi kati ya maneno. Huweka kitone baada ya kila silabi, na mkwaju wima mwishoni mwa sentensi. Ni kama sisi tungeandika *ba·ba·a·na·so·ma·ki·ta·bu*. Mtoto anasoma silabi zote sawasawa na asijue neno limeishia wapi. Katika vitabu vya mwaka wa kwanza inasaidia kupiga mstari mwembamba chini ya kila neno, au kubadili rangi neno kwa neno, na kuviondoa vyote mwaka wa pili.

Halafu ngazi za vitabu. Sentensi *nga sha za*, "mimi nyama nakula", ina herufi tatu tupu: haina irabu ya ziada, haina rundo la herufi zinazobebana. Mtoto anaweza kuisoma mara tu amalizapo alfabeti, na tayari amekutana na mpangilio wa lugha yake, kitenzi mwishoni. Lakini "mbuzi anakula majani", rahisi sikioni, ina neno *tsa* la majani linaloandikwa kwa herufi tatu zilizobebana. Mwandishi anayepima ugumu kwa sikio atakosea. Apime kwa jicho: kwanza herufi tupu, kisha irabu nne, kisha herufi za mwisho wa silabi, kisha zinazobeba chini, halafu zinazobebwa juu, na mwisho viambishi vya mbele visivyotamkwa. Vitabu vya ziada vinavyofuata ngazi hizi ni vichache kuliko vya kiada, na ni pengo la kusikitisha, kwani mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma vingi vyepesi.

Hadithi zipo tele. Marafiki wanne, tembo, nyani, sungura na ndege, wanaobishana nani mkubwa kwa kukumbuka mti ulikuwa na kimo gani kila mmoja alipoukuta, wamechorwa kwenye kuta nyingi. Ndege ndiye mkubwa: yeye ndiye aliyeitoa mbegu. Visa vya mjanja Aku Tonpa vinachekesha sana, ila vingi ni vya watu wazima na lazima vichujwe.

Hesabu nayo ina sura yake. Kumi na moja ni "kumi-moja", hakuna shida. Kuanzia 21, kila kundi la kumi lina kiunganishi chake: *tsa, so, zhe, nga, re, dön, gya, go*. Hivyo 34 ni *sumchu-so-zhi*, na mitaani watu husema *so-zhi* tu. Mtoto aliyekulia nyumbani anavijua viunganishi bila kujua majina kamili ya makumi, na akiandikiwa neno refu anaganda. Njia ni kuweka kadi mbili mezani, ya makumi na ya mamoja, na kiunganishi kwenye kadi ya tatu katikati, kisha kuiondoa na kuirudisha.

Panapopendeza ni kwenye namba kubwa. Kila nafasi ina jina: *tong* elfu, *tri* elfu kumi, *bum* laki, *saya* milioni. Thamani ya nafasi inafundishika bila jasho. Bum inalingana kabisa na laki ya India, ile ile iliyoingia katika Kiswahili. Kwa Kiingereza majina ya tri na bum hayapo, na hapo ndipo sifuri zinapopotea darasa la sita.

Vipimo vya zamani ni hazina ya mazoezi: *dre* 20 ni *khel* moja, na *phül* 6 ni dre moja. Leta unga wa shayiri uliokaangwa, tsampa, ambao kila mtoto anaujua, na kikombe kimoja. Nusu ya dre ni phül ngapi? Sehemu zinafundishwa kabla hazijaandikwa.

Siku ya 5: darasa la sita

Hapa ndipo pagumu. Mtihani wa darasa la 10 na la 12 ni wa bodi kuu ya India, na sayansi na hisabati huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kuanzia darasa la sita lugha ya kufundishia inageuka. Mtoto aliyekuwa akijieleza vizuri mwezi Desemba ananyamaza mwezi Machi.

Kuvuka huko kunahitaji daraja la istilahi. Kitibeti kinaunda maneno kwa ustadi: *mekhor*, gurudumu la moto, ni treni, *namdru*, chombo cha maji cha angani, ni ndege, *lokle*, ubongo wa umeme, ni kompyuta. Neno la namna hiyo linajieleza lenyewe, na mwalimu asiliache lipite bila kulifungua. Mwaka 2022 ilitolewa kamusi kubwa ya Monlam ya juzuu 223, kwa hiyo hoja kwamba lugha haina maneno imekwisha. Kinachosumbua zaidi ni neno moja kuwa na tafsiri mbili tofauti katika vitabu viwili, na mtoto kudhani ni vitu viwili.

Kinachofanya kazi ni karatasi ya mada. Wiki moja kabla, bandikeni ukutani maneno nane hadi kumi, si zaidi, kwa safu tatu: Kitibeti, Kiingereza, mchoro. Somo la kwanza la mada lifundishwe kwa Kitibeti chote, jaribio lifanywe, watoto waeleze walichokiona. La pili lirudie jambo lilelile kwa Kiingereza. Anayeanza kwa Kiingereza ili "kuokoa muda" hulipa muda huo mara mbili, maana mtoto anapambana na wazo na lugha kwa pamoja, akishindwa hajui kimemshinda kipi.

Kosa jingine ni kukiacha Kitibeti kibaki somo la sarufi na mashairi tu baada ya darasa la sita. Acheni insha moja ya sayansi kila muhula iandikwe kwa Kitibeti.

Siku ya 6: Sarah, somo la mabishano

Chini bondeni kuna chuo cha Sarah kinachofundisha lugha na falsafa ya Kitibeti na kutoa walimu. Kutoka hapa na taasisi dada ya McLeod Ganj, mbinu ya mabishano ya watawa imeingia katika shule za kawaida. Zamani ilikuwa ya watawa wanaume. Mwaka 2016 watawa wanawake 20 walitunukiwa kwa mara ya kwanza shahada ya juu ya falsafa, *geshema*, na leo wasichana shuleni wanabishana sawa na wavulana.

Kanuni ni chache. Mtetezi ameketi, mpinzani amesimama. Mpinzani anatoa hoja, anakanyaga kwa mguu wa kushoto na kupiga kofi, mkono wa kulia ukishuka juu ya wa kushoto. Mtetezi ana majibu manne tu: *dö*, nakubali, *chi-chir*, kwa nini, *tak ma-drup*, sababu haijathibitika, *khyappa ma-jung*, sababu ni kweli lakini hailazimishi hitimisho.

Zoezi la kwanza la jadi ni la rangi. Mtetezi anashikilia kwamba kila rangi ni nyekundu. Mpinzani: chukua rangi ya kome jeupe linalopulizwa hekaluni, basi ni nyekundu, kwa sababu ni rangi. Akikubali, amejipinga na macho yake. Akikataa kwa kujibu kwamba sababu hailazimishi, ameangusha kauli yake mwenyewe. Watoto wa miaka kumi hulishika haraka, hasa tofauti ya jibu la tatu na la nne, ambayo watu wazima wengi hawaipati: jambo linaweza kuwa kweli na lisithibitishe kitu.

Darasani dakika kumi zinatosha. Gawa wawili wawili, andika majibu manne ubaoni, toa kauli moja ya sayansi: "kila metali ni ngumu". Mpinzani alete zebaki. Mtetezi akisema *tak ma-drup*, mpinzani lazima aonyeshe kwamba zebaki ni metali, na sasa wanafungua kitabu kwa hamu. Badilishaneni nafasi baada ya dakika tano. Hatari ni mbili. Kofi linapendeza kuliko hoja, hivyo raundi ya kwanza ifanywe bila makofi. Ya pili ni mtetezi kukariri majibu. Mwalimu abadili mfano kila siku.

Siku ya 7: Norbulingka

Taasisi ya sanaa ya Norbulingka, iliyoanzishwa mwaka 1988, iko Sidhpur. Wachoraji wa thangka, picha za Kibuddha za kwenye kitambaa, hawaanzi na rangi, wanaanza na mistari, na hiyo ni jiometri tayari. Mstari wa kati wa wima, *tsangtik*, ndio unaobeba mwili wote wa picha.

Kwa darasa: nyosha kitambaa kwenye fremu. Toka ncha mbili za ukingo wa chini, chora kwa uzi tao mbili za kipenyo kilekile zikutane, kisha rudia kwa uzi mrefu zaidi. Unganisha sehemu mbili za makutano. Huo ndio wima wa kweli. Mwanafunzi anayepima wima kutoka ukingo wa pembeni wa kitambaa atapata sura iliyoinama, kwani kitambaa kilichonyoshwa hakina pembe mraba kamili. Kisha vipimo: katika mfumo mmoja mwili wa Buddha uliosimama ni vidole 125, na uso 12.5. Uso unaingia mara ngapi? Desimali imepata kazi.

Siku ya 8: Bir

Gari hadi Bir ni mwendo wa asubuhi moja. TCV ya Suja ilianzishwa miaka ya 1980 kwa ajili ya waliowasili kutoka Tibeti, wengine vijana wa miaka 15 wasiojua kusoma. Kabla ya 2008 walivuka maelfu kwa mwaka. Baadaye mpaka ulikazwa na idadi ikaanguka hadi makumi. Madarasa sasa yanajazwa zaidi na watoto wa Himalaya, wa Spiti, Ladakh au Dolpo, ambao lugha ya nyumbani ni jamaa ya Kitibeti lakini si ile ya kitabuni.

Lahaja zinahitaji mpango. "Nini" kwa Lhasa ni *kare*, kwa Amdo, kaskazini-mashariki mwa Tibeti, ni *chi*. Mtoto wa Amdo huchekwa matamshi, ilhali anatamka bado baadhi ya herufi ambazo wa Lhasa wameziacha, na katika imla anaweza kuwashinda. Mwalimu mwerevu humpa yeye kazi ya kuwasomea wenzake maneno magumu. Lugha ya heshima ndiyo inayowalemea zaidi wageni: kichwa ni *go*, lakini cha mtu wa kuheshimiwa ni *u*, mkono ni *lakpa*, wa heshima ni *chak*, jicho ni *mik*, la heshima ni *chen*. Haifundishiki kwa orodha. Inafundishika mezani, jioni, ama-la akikaribisha mgeni na watoto wakisikiliza.

Meza hiyo ndiyo inayokosekana New York, Toronto na Zürich, ambako familia nyingi zimehamia na Kitibeti kinafundishwa siku moja ya mwisho wa wiki. Vitabu vilivyoandikwa kwa mtoto wa bweni havimfai mtoto anayekutana na lugha saa tatu kwa wiki. Anayeondoka Bir kwenda kufundisha huko abebe kadi 30, karatasi ya mistari ya kuning'inia, na sentensi 40 za herufi tupu, ya kwanza ikiwa *nga sha za*. Mafungu ya herufi zinazobebana yasubiri hadi muhula wa pili, na lugha ya heshima ianze siku ya kwanza, kwa mtoto kumwita mwalimu gen-la.